Kinachofichwa na Kontena

Miongoni mwa waundaji wa programu za wavuti imeota mizizi imani kwamba uingizaji wa vitegemezi ni kazi ya kiunzi, na kwamba programu hukomaa kadiri inavyozidi kukiachia kiunzi kazi hiyo. Kiunzi, kama vile Spring, Angular, ASP.NET Core, Symfony au Laravel, ni msimbo uliokwisha kuandikwa ambao huipa programu mpya umbo na kuibebea kazi zinazojirudia. Huduma ni kitu ndani ya programu kinachobeba kazi moja mahususi, kwa mfano kutuma barua pepe au kukokotoa bei, ili sehemu nyingine ziitumie bila kuiandika upya. Kitegemezi ni chochote ambacho huduma hiyo haiwezi kufanya kazi bila kuwa nacho. Na kuingiza vitegemezi ni kuipa huduma vitu inavyovihitaji kutoka nje, badala ya kuiacha ivitafute au ivitengeneze yenyewe. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza pale mwanafunzi anapoelekezwa aweke alama fulani juu ya klasi yake, yaani kiolezo cha kuundia vitu, na kuandika jina la anachokitaka, kwa kuwa kontena, yaani sehemu ya kiunzi inayosajili huduma zote na kuzipatanisha programu inapoanza, litajua pa kukipata. Tangu hapo huamini kwamba kontena ndilo uingizaji wenyewe wa vitegemezi, na kwamba programu isiyo na kontena imebaki nyuma ya wakati.

Imani hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo. Faida ya uingizaji wa vitegemezi imo katika kuilazimisha huduma itaje hadharani kila inachokihitaji, na kumlazimisha aliyeiandika aone gharama ya kila hitaji anapolionyesha. Kontena, likitumiwa kama linavyofundishwa, huifuta gharama hiyo machoni pa mwandishi bila kuipunguza hata kidogo ndani ya programu.

Wanaolitukuza kontena hupenda kusimulia historia kana kwamba ilianza nalo, ilhali historia hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ilitendeka London, inawakana. Mwaka 1999, katika kampuni changa ya Connextra, John Nolan aliyekuwa kiongozi wake wa teknolojia aliwapa waandishi wa programu changamoto ya kuandika msimbo usio na milango ya kuchungulia hali ya ndani ya vitu. Changamoto hiyo ilizua tatizo la papo hapo, kwa sababu jaribio, yaani kipande cha msimbo kinachohakiki kipande kingine, lilizoea kuangalia ndani ya kitu ili kujua kama kimefanya kazi yake. Milango ikifungwa, jaribio halina pa kuangalia. Jibu lililopatikana ni kukipa kitu kinachojaribiwa mwenzake bandia, kisha kusikiliza kinamwambia nini mwenzake huyo. Mazungumzo hayo yaliendelea katika mikutano ya Extreme Tuesday Club, jumuiya ya waandishi wa programu wa London, na mwaka 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig wakawasilisha makala juu ya vitu bandia kwenye kongamano la XP2000 kisiwani Sardinia. Mkondo uliotokana na kazi hiyo ndio unaoitwa hadi leo shule ya London ya uandishi wa programu unaoongozwa na majaribio.

Katika chanzo hicho chote hapakuwa na kontena. Palikuwa na mwandishi aliyemkabidhi mwenzake bandia kwa mkono, kupitia hoja za kawaida za msimbo, yaani vitu ambavyo tendo hupokea linapoitwa, na aliyegundua kwamba ugumu wa kumkabidhi ulikuwa ukimweleza jambo kuhusu usanifu wake: kitu kinachohitaji wenzake saba ili kijaribiwe kina kazi nyingi kupita kiasi. Kontena lilifuata baadaye, na kwa sababu nyingine. Rod Johnson, Mwaustralia aliyekuwa akiishi na kufanya kazi London, alitoa mwaka 2002 kitabu juu ya usanifu wa programu kubwa za Java ambacho msimbo wake ndio uliozaa Spring, mwaka 2003 Paul Hammant na Aslak Hellesøy, wote wa kampuni ya ThoughtWorks, walianzisha PicoContainer, na Spring 1.0 ikatoka Machi 2004. Watu hao walikuwa wakipambana na uzito wa vipimo rasmi vya Java vya wakati ule, ambavyo vilimtaka mwandishi ajaze faili na violesura vingi, yaani maelezo ya matendo yasiyo na utekelezaji, kabla ya kuandika mstari mmoja wa kazi halisi, na kontena lao jepesi lilikuwa nafuu ya kweli. Lakini nafuu dhidi ya mzigo fulani haigeuki kuwa kanuni ya kudumu baada ya mzigo huo kuondoka.

Hata makala ya Martin Fowler ya Januari 2004, ambayo ndiyo iliyoueneza msamiati huu wa uingizaji wa vitegemezi duniani, haitoi ushahidi unaotafutwa na wafuasi wa kontena. Fowler alilinganisha njia mbili, ile ya kuiletea huduma vitegemezi vyake na ile ya kuiacha iviulize kwa msajili mmoja anayejulikana na wote, akaona kwamba uchaguzi kati ya njia hizo una uzito mdogo kuliko kanuni ya kutenganisha upangaji wa huduma na utumiaji wake. Kanuni ni hiyo ya kutenganisha, nayo hutimizwa kikamilifu na faili moja la kawaida, lililoandikwa kwa mkono mahali programu inapoanzia, ambalo huunda huduma zote kwa mpangilio na kuzikabidhi moja kwa nyingine.

Suala hili huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja ukitazamwa kwa karibu. Ichukuliwe programu ya wavuti inayowawezesha Waafrika Mashariki wanaoishi London kuwatumia jamaa zao wa Mombasa fedha kwa M-Pesa. Ndani yake imo huduma ya uhamisho, na kiundaji chake, yaani sehemu ya klasi inayotekelezwa kitu kinapozaliwa na inayopokea vitegemezi vyake, kinaomba vitu vinne: jedwali la viwango vya kubadilisha pauni kwa shilingi, daftari la miamala lililo kwenye hifadhidata, mlipaji atakayezungumza na Daraja, ule mlango ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017 ili programu za nje ziunganishwe na M-Pesa, na saa. Msomaji wa kiundaji hicho, hata bila kufungua mstari mwingine wowote, anajua kwamba huduma hii inagusa bei, kumbukumbu, mtandao wa nje na wakati. Anajua pia kwamba haitumi barua pepe wala haimjui mteja aliyeingia kwa jina na nywila. Kiundaji ni kiapo cha huduma mbele ya programu nzima.

Kitegemezi cha nne, saa, ndicho kinachobishaniwa zaidi. David Heinemeier Hansson, muundaji wa Ruby on Rails, aliandika mwanzoni mwa mwaka 2013 kwamba uingizaji wa vitegemezi haustahili kuitwa fadhila, na mfano wake ulikuwa huo huo wa wakati: katika lugha ya Ruby, jaribio linaweza kuubadilisha wakati wa mfumo mzima kwa muda, kwa hiyo kuikabidhi huduma saa ni kuchafua msimbo kwa ajili ya majaribio tu. Hoja hiyo ina nguvu, na upande wa pili wa mjadala umezoea kuikwepa. Ni kweli kwamba jaribio litafaulu. Ni kweli pia kwamba GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza iliyofunguliwa Oktoba 2012, imejengwa kwa sehemu kubwa kwa Rails, kiunzi kisichomlazimisha mtu kutumia kontena lolote, na haikuanguka kwa kulikosa. Lakini hoja inadhani kwamba swali pekee ni kama msimbo unajaribika, na hapo ndipo inapokosea njia.

Swali ambalo saa iliyofichwa hulifunika ni wakati wa nani. Mombasa iko saa tatu mbele ya majira ya Greenwich mwaka mzima. London hubadilisha saa zake, ikawa nyuma ya Mombasa kwa saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi. Mteja anayetuma fedha saa nne na nusu usiku mwezi Julai kwa saa ya London, anazituma saa sita na nusu usiku ya siku inayofuata kwa saa ya Mombasa, na ikiwa kuna kikomo cha fedha kwa siku, muamala huo ni wa siku mbili tofauti kwa watu wawili walio pande mbili za simu moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba mambo huwa mabaya zaidi: ikitimia saa nane usiku, saa za London hurudishwa hadi saa saba, na kiwango cha ubadilishaji kilichotolewa saa nane kasoro dakika kumi, kikiulizwa robo saa baadaye, huonekana katika seva inayofuata saa za mtaa kama kitu kitakachotolewa dakika arubaini na tano zijazo. Mwandishi aliyeusoma wakati moja kwa moja kutoka kwenye mfumo hakuwahi kulazimika kuyafikiria haya. Aliyeiomba saa kupitia kiundaji, na ambaye kwenye faili la upangaji alipaswa kuandika kwa mkono wake ni saa ipi anayoikabidhi, alilazimika, kwa sababu mstari huo haukamiliki bila jibu.

Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo. Mpinzani wa uingizaji anaificha saa ndani ya huduma. Mfuasi wa kontena anaiomba, lakini jibu anamwachia kontena, ambamo imesajiliwa saa moja tu kwa ajili ya kila mwenye kuomba. Wawili hao hudhaniwa kuwa mahasimu, na matokeo yao ni mamoja: hakuna aliyekaa chini akaamua.

Kosa la pili la kontena ni zito zaidi, kwa sababu linahusu siri za watu. Kontena huipa kila huduma muda wa kuishi. Katika ASP.NET Core, kwa mfano, huduma inaweza kusajiliwa iwe ya pekee, ikaishi kitu kimoja tangu programu inapoanza hadi inapozimwa. Iwe ya ombi, ikazaliwa mteja anapofungua ukurasa na kufa jibu linapomfikia. Au iwe ya kupita, ikaundwa upya kila inapohitajika. Spring, isipoambiwa vingine, huzifanya zote za pekee. Sasa huduma ya uhamisho isajiliwe kuwa ya pekee kwa ajili ya kasi, kisha mtu mwingine katika timu, miezi kadhaa baadaye, aongeze kwenye kiundaji chake kitegemezi cha tano, yaani huduma inayomtambulisha mteja wa sasa, ambayo ni ya ombi. Kontena lisipofanya ukaguzi litamridhisha mara moja: litamchukua mteja wa ombi la kwanza, litampachika ndani ya huduma isiyokufa, na kila atakayefuata atahudumiwa kwa jina la huyo wa kwanza. Msimbo umeandikwa vizuri, majaribio yote yamefaulu, na mtu wa Tottenham anaona miamala ya mtu wa Croydon.

Waundaji wa viunzi wanaijua hatari hii, na ASP.NET Core huikagua, lakini kwa mazoea ya kiwandani hufanya hivyo kwenye mazingira ya uundaji peke yake, si kwenye seva inayowahudumia wateja. Ukaguzi huo unastahili sifa, ila ni dawa ya ugonjwa ambao mpangaji wa mkono haupati. Anayeandika faili la upangaji mwenyewe anaiunda huduma ya uhamisho programu inapoanza, wakati ambapo hakuna ombi lolote lililofika na hakuna mteja yeyote aliyepo. Hana cha kukabidhi. Mstari unagoma kuandikika, naye analazimika ama kumpitisha mteja kama hoja ya tendo la kutuma, jambo ambalo ndilo sahihi, ama kuiunda huduma nzima upya kwa kila ombi. Lugha yenyewe, bila kiunzi chochote, imemkatalia.

Ndivyo ilivyo pia kwa mizunguko, pale huduma ya kwanza inapoihitaji ya pili na ya pili ikaihitaji ya kwanza. Kwa viundaji vya kawaida kitu kama hicho hakiandikiki, kwa kuwa hakuna wa kuanza. Spring ilikuwa tayari kuusuluhisha mzunguko huo kimyakimya, pale vitegemezi vilipoingizwa baada ya kitu kuzaliwa, kwa kumkabidhi mmoja mwenzake ambaye bado hajakamilika. Spring Boot ilikuja kukataza mizunguko hiyo kwa chaguo-msingi katika toleo la 2.6, Novemba 2021, zaidi ya miaka kumi na saba baada ya Spring 1.0. Katika miaka yote hiyo kontena lilikuwa likiwafichia watu kasoro ya usanifu na kuitwa msaada.

Hutolewa hoja nyingine, kongwe na maarufu kuliko zote, kwamba kontena humwezesha mtu kubadilisha kitegemezi kimoja kwa kingine bila kugusa msimbo, kwamba leo hifadhidata ni hii na kesho itakuwa ile. Kwa ajili ya kesho hiyo, programu nyingi zimejazwa violesura, kila kimoja kikiwa na klasi moja tu inayokitekeleza na ambayo haitapata mwenzake milele. Freeman, Mackinnon, Nat Pryce na Joe Walnes walikwisha kuonyesha katika makala yao ya mwaka 2004, inayoitwa Mock Roles, Not Objects, kwamba kiolesura ni mali ya anayeomba: kinaeleza nafasi ambayo mtumiaji anataka ijazwe, kwa msamiati wa kazi yake mwenyewe. Huduma ya uhamisho haihitaji kiolesura kinachonakili kila tendo la Daraja. Inahitaji mlipaji wa simu mwenye tendo moja la kulipa, na ni juu ya klasi nyingine kuutafsiri ulipaji huo kwa lugha ya Safaricom. Kiolesura cha aina hiyo hulipa gharama yake hata kama mlipaji hatabadilishwa kamwe, kwa sababu kinaitenga huduma na mambo yasiyoihusu. Vile vinavyonakili klasi neno kwa neno, ili tu kontena lipate cha kusajili, vinamchosha msomaji bure.

Watetezi wa kontena wakibanwa hukimbilia ukubwa: programu yenye huduma mia tano haiwezi kupangwa kwa mkono. Inawezekana kwamba kwa baadhi ya timu kubwa jambo hilo ni kweli, na kwao iko njia ya kati iliyo bora kuliko kontena linalopatanisha vitu wakati programu inapoanza, nayo ni vifaa kama Dagger, vinavyoandika faili la upangaji wakati msimbo unapokusanywa, kiasi kwamba upungufu hugunduliwa kabla programu haijawashwa na mpangilio mzima unabaki msimbo unaosomeka. Lakini hoja ya ukubwa hugeuka na kumrudia mwenye kuitoa. Faili la upangaji lenye mistari mia tano linatisha kwa sababu programu yenyewe inatisha, na anayeliona kila siku atashawishika kuigawa. Anayelificha faili hilo ataendelea kuongeza huduma ya mia tano na moja, kwa kuwa kuiongeza hakumgharimu ila neno moja kwenye kiundaji. Viundaji vyenye vitegemezi kumi na viwili, ambavyo si adimu katika programu za Spring na ASP.NET Core, huzaliwa hivyo, neno moja moja, bila siku hata moja ambayo mtu aliumia vya kutosha kusema imetosha.

Kwa kipimo hicho, mwelekeo wa Angular unastahili kupingwa waziwazi. Toleo la 14 la kiunzi hicho, la Juni 2022, lilipanua matumizi ya tendo la kuomba huduma ndani ya mwili wa klasi, mahali sehemu zake zinapotajwa, bila kupitia kiundaji, na mwongozo wa mtindo wa kiunzi hicho sasa unapendekeza tendo hilo badala ya hoja za kiundaji. Sababu zinazotolewa ni za starehe ya mwandishi: msimbo ni mfupi, aina za data hutambulika zenyewe, na klasi zinazorithi hazilazimiki kuvibeba vitegemezi vya mzazi. Zote ni za kweli. Lakini klasi iliyoandikwa hivyo huonekana kwa nje kana kwamba haihitaji kitu. Huwezi kuiunda kwa mkono katika jaribio bila kuliwasha kontena kwanza, na orodha ya mahitaji yake, ambayo ilikuwa mahali pamoja, sasa hutawanyika popote mwandishi alipoona vyema kuiweka. Kilichobaki ni ile njia nyingine ya Fowler, ya huduma kumwuliza msajili anayejulikana na wote, nayo inaendelea kuitwa kwa jina la ile iliyokuja kushika nafasi yake. Timu inayotumia Angular inaweza bado kuandika huduma zake za msingi, zile za bei, za vikomo na za wakati, kuwa klasi za kawaida zisizojua kwamba Angular ipo, zikapokea kila kitu kwenye kiundaji, kisha ikaziunganisha na kiunzi katika faili moja la mpakani, ambalo yeyote anayejiunga na timu hiyo atalisoma siku yake ya kwanza.